Mtaa wa Baraza

Katikati ya mji wa Birmingham, Uingereza, kuna barabara iitwayo Corporation Street. Hilo "corporation" ni baraza la mji lenyewe, kwa hiyo tukilitia jina hilo Kiswahili tunapata Mtaa wa Baraza. Ni barabara ya maduka na tramu, na ina mahakama ya matofali mekundu ambayo Malkia Victoria aliiwekea jiwe la msingi mwaka 1887. Ukipita leo huwezi kukisia kwamba hapo palikuwa na vyumba vya watu. Tena meya aliyewahamisha watu hao ndiye aliyekuja baadaye kuitazama nchi yetu kupitia dirisha la treni.

Tuanze na vyumba. Katika miaka ya 1870, maskini wa Birmingham waliishi katika nyumba zilizopeana migongo. Nyumba mbili zilitumia ukuta mmoja wa nyuma, hivyo hakuna iliyokuwa na dirisha upande huo, na hewa haikupita. Familia za ua mmoja zilichangia vyoo na maji. Daktari wa afya wa mji, Alfred Hill, alikuwa akihesabu vifo kata kwa kata. Katika kata ya St Mary's, pale katikati ya mji, watu walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya Edgbaston, kitongoji cha wenye nazo.

Meya wakati huo, kuanzia 1873 hadi 1876, alikuwa Joseph Chamberlain, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kutengeneza skrubu. Chini yake baraza lilinunua kampuni ya gesi na kampuni ya maji. Mwaka 1875 Bunge lilipitisha sheria ya kuboresha makazi ya mafundi na vibarua, iliyoruhusu mabaraza ya miji kununua kwa lazima mitaa iliyooza na kuibomoa. Chamberlain hakungoja. Mwaka huohuo aliwasilisha mpango uliogusa takriban ekari 93, na baraza likakusudia kununua zaidi ya 40 kati yake kwa zaidi ya pauni milioni 1. Alitoa hata maelfu ya pauni zake mwenyewe kusaidia ununuzi uende mbele.

Werevu wa mpango ulikuwa katika hesabu. Baraza halikuiuza tena ardhi ile, bali liliikodisha kwa miaka 75. Mwenye duka angejenga kwa fedha zake na kulipa kodi ya ardhi mwaka baada ya mwaka, na muda ukiisha ardhi na jengo vyote vingekuwa mali ya mji. Kwa hiyo watu waliobeba deni waliwapandia wajukuu wao mnazi. Barabara ilianza kukatwa mwaka 1878, na kufikia 1885 duka kubwa la Lewis's lilikuwa limefunguliwa pale.

Lakini sheria ile ilikuwa ya makazi ya mafundi na vibarua. Mwenye nyumba alilipwa fidia. Mpangaji wa kulipa kwa wiki hakuwa na hati ya kuonyesha, naye aliambiwa ahame. Alihamia wapi? Kibarua hawezi kukaa mbali na kazi, hivyo alijisogeza kwenye ua wa jirani, uliokuwa umejaa tayari. Baraza lilijenga nyumba zake za kwanza mwaka 1890, katika mtaa wa Ryder Street. Zilikuwa 22. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Birmingham bado ilikuwa na zaidi ya nyumba 40,000 zilizopeana migongo.

Simlaumu Chamberlain kwa kubomoa. Takwimu za Dakta Hill zilikuwa za watu waliokwisha kuzikwa, na kuacha mambo yalivyo kungeendelea kuua. Kinachonisumbua ni jicho lake. Alipoitazama ramani aliona ardhi iliyoharibika na thamani iliyolala, na kati ya vitu hivyo viwili mpangaji hakuonekana.

Jicho hilo alikuja nalo Afrika Mashariki. Mwaka 1895 alikuwa Waziri wa Makoloni, na Desemba 1902 alishuka Mombasa, akapanda reli iliyokuwa imekamilika karibuni kuelekea bara. Nchi aliyoiona ilimpendeza. Aprili 1903 alimwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, kwamba katika safari yake ameona ardhi inayoweza kuwafaa Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi. Agosti, Uingereza ilitoa rasmi ahadi ya ardhi katika himaya yake ya Afrika Mashariki. Mpango ukaitwa wa Uganda, ingawa uwanda uliokusudiwa, Uasin Gishu, uko Kenya ya leo. Jina hilo ni la Wamasai waliowahi kuchunga pale, na Wanandi nao walilisha ng'ombe wao huko. Wazayuni waliikataa ahadi hiyo mwaka 1905. Mwaka 1908 walifika Makaburu, na katika kiwanja namba 64 ukachipuka mji wa Eldoret, ambao wazee bado wanauita Sisibo.

Birmingham angalau kulikuwa na mwenye nyumba wa kulipwa. Uasin Gishu mchungaji hakuhesabiwa hata kuwa mpangaji.

Mitaa michache kutoka Corporation Street, kwenye kona ya Inge Street na Hurst Street, ua mmoja wa nyumba zilizopeana migongo umehifadhiwa, wa mwisho uliobaki mjini humo. Tangu 2004 umekuwa makumbusho. Wageni hulipa kiingilio, wakapanda ngazi nyembamba na kuinama mlangoni ili waone jinsi watu walivyolala.