Pilipili kichaa: mmea wa vichakani unavyotunzwa nyumbani

Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, na jirani yake Tororo, ni maeneo ambako pilipili kichaa, au kamulari kwa Waganda, huota hata pasipo kupandwa. Wapandaji ni ndege. Utafiti wa Joshua Tewksbury na Gary Nabhan, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2001, ulionesha kuwa ndege hawahisi ukali wa pilipili na mbegu hupita tumboni mwao zikiwa nzima, ilhali wanyama wenye meno huzisaga.

Asili ya mmea huu ni Amerika. Wareno ndio wanaotajwa kuuleta Afrika kuanzia karne ya 16. Hata hivyo, ua likifyekwa, aina iliyozoea eneo hilo kwa vizazi vingi hutoweka, na mbegu chotara za dukani haziwezi kuirejesha.

Anayetaka kuihifadhi achague tunda lililoiva kabisa, akaushe mbegu kivulini na kuzisia juujuu kabla ya mvua za Machi. Asivunjike moyo: huenda zikachukua wiki tatu au zaidi kuchipua. Hatari kubwa zaidi ni nyuki, wanaohamisha chavua kutoka pilipili nyingine. Tunda la msimu huo halibadiliki. Mabadiliko hujitokeza katika kizazi kinachofuata. Kwa hiyo tawi la mbegu hufunikwa kwa kipande cha chandarua kabla maua hayajachanua, na huachwa hivyo hadi vitunda vitokeze.