Ugonjwa Sugu wa Figo na Nguvu za Misuli: Sababu za Uchovu na Namna ya Kujilinda

Katika vijiji vinavyopakana na Lukole, wilayani Ngara, eneo lililokuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Burundi hadi ilipofungwa mwaka 2008, na katika wilaya jirani ya Biharamulo, maisha hutegemea nguvu za mwili. Kulima kwa jembe, kuteka maji na kupanda vilima ni kazi za kila siku. Mtu mzima anapoanza kushindwa kazi hizo, mara nyingi husemwa ni uzee au uvivu. Hata hivyo, uchovu usioisha na kulegea kwa misuli huweza kuwa dalili za ugonjwa sugu wa figo.

Maana ya ugonjwa
Ugonjwa huwa sugu pale figo zinapoonesha hitilafu kwa zaidi ya miezi 3. Shinikizo la damu na kisukari ni miongoni mwa visababishi vyake vikuu. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulibaini kuwa takribani watu wazima 7 kati ya 100 walikuwa na ugonjwa huo, na wengi wao hawakujua. Katika hatua za awali mgonjwa huweza asihisi chochote. Vipimo vya damu na mkojo ndivyo vinavyoutambua.

Kwa nini misuli hudhoofika
Figo hutengeneza homoni inayochochea uzalishaji wa chembe nyekundu za damu. Homoni hiyo inapopungua, damu nayo hupungua, na misuli hukosa oksijeni ya kutosha. Aidha, figo zisipotoa asidi mwilini, asidi hiyo huharakisha kuvunjwa kwa protini ya misuli. Kukosa hamu ya kula huongeza tatizo. Mgonjwa akichoka hukaa, na akikaa misuli huzidi kusinyaa. Hivyo uchovu huzaa uchovu.

Njia rahisi ya kupima nguvu za miguu ni kuinuka kitini mara 5 mfululizo, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Anayetumia zaidi ya sekunde 15 anapaswa kumweleza mtaalamu wa afya.

Mazoezi
Zamani wagonjwa wa figo walishauriwa kupumzika. Sasa miongozo ya kimataifa inahimiza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa kadiri ya uwezo wa mgonjwa. Asiyezoea aanze kwa kutembea dakika 5 hadi 10 sehemu tambarare, kisha aongeze kidogo kidogo. Mazoezi ya kuinuka na kuketi husaidia kuimarisha mapaja. Mgonjwa asimame mara moja na kutafuta huduma akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kushindwa kupumua.

Lishe na dawa
Kiasi cha protini hutegemea hatua ya ugonjwa. Anayesafishwa damu huhitaji protini nyingi kuliko asiyesafishwa. Hivyo asiache maharage, samaki au mayai kwa kusikia ya mitaani. Ndizi, chakula kikuu cha wengi mkoani Kagera, zina madini mengi ya potasiamu. Aliyeelezwa na daktari kuwa madini hayo yamezidi apunguze kiasi, na ndizi za kupika zichemshwe kwa maji mengi yatakayomwagwa.

Tahadhari kubwa ni kuhusu maumivu ya misuli baada ya kazi za shamba. Dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huweza kuziumiza zaidi figo zilizodhoofika. Zisitumiwe bila ushauri wa daktari.

Wakati wa kutafuta huduma
Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, au kupandikizwa figo. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Bugando jijini Mwanza hutoa huduma ya kusafisha damu, lakini safari kutoka Ngara ni ndefu na yenye gharama. Kwa sababu hiyo, mwenye kisukari au shinikizo la damu anashauriwa kupima figo angalau mara moja kwa mwaka, wakati bado ana nguvu za kutembea mwenyewe hadi kituoni.