Likasi, Mji wa Shaba na Wafanyakazi Wake

Jina la Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, likitajwa ughaibuni, wengi hukumbuka mambo mawili: urani ya bomu la Hiroshima na vita vya Septemba 1961 kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na jeshi la Katanga. Yote mawili ni kweli, lakini mji huu ulijengwa na kazi ya kila siku ya watu ambao ni nadra majina yao kuandikwa.

Kazi hiyo ni ya kale. Kabla ya Wabelgiji kufika, Wasanga walikuwa wakichimba mawe ya kijani yenye shaba nyakati za kiangazi, wakiyayeyusha kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu. Misalaba ya shaba waliyoitengeneza ilitumika katika biashara na kulipia mahari.

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini iliingia Lubumbashi mwaka 1910, ikafika Kambove, jirani na Likasi, mwaka 1913. Mwaka 1931 Likasi ilibatizwa Jadotville, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot, aliyewahi kusimamia ujenzi wa reli ya Beijing hadi Hankou nchini China. Wakati huo viwanda vya Shituru mjini humo vilikuwa vimekwisha kuanza kusafisha shaba kwa umeme, na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira likavipa nguvu kuanzia mwaka 1930.

Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwapa mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu kuishi na wake na watoto wao. Kambini palikuwa na nyumba, posho, shule na hospitali. Palikuwa pia na ulinzi mkali juu ya maisha ya kila familia. Watu wa lugha nyingi walielewana kwa Kiswahili, na watoto wao wakakua nacho.

Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Jadotville na Lubumbashi waligoma. Bei zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita, nao wakadai ujira wa siku upande kutoka faranga 1.50 hadi 2. Tarehe 9 Desemba, huko Lubumbashi, askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika uwanjani.

Kilomita zipatazo 20 kutoka mjini iko Shinkolobwe, ambako mawe mengine yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65. Marekani iliyanunua kwa ajili ya kutengeneza bomu la atomiki. Waliochimba na kupakia mawe hayo walikuwa Wakongo.

Mwaka 1966 mji ulirudishiwa jina lake, na mwaka uliofuata serikali ikataifisha kampuni, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Miaka ya 1990 ilikuwa migumu: uzalishaji uliporomoka, na Wakasai waliofukuzwa majumbani mwao walijazana kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Katanga.

Stesheni hiyo, Shituru, Mwadingusha na kambi za zamani zinastahili kulindwa kama urithi wa taifa. Wazee waliofanya kazi huko wanapungua kila mwaka. Vijana wa Likasi, waketi nao sasa, waandike majina na kazi zao, watunze picha na karatasi zao za mishahara kabla hazijapotea.