Pesa ya likizo ufukweni: noti, kadi na simu unapokwenda Unguja

Kila zinapokaribia sikukuu au likizo za shule, ujumbe unaoingia studioni kwetu hubadilika. Bei ya mbolea na ratiba za mabasi hukaa pembeni, watu wanaulizia nauli ya boti na vyumba vya bei nafuu Nungwi. Swali linalojirudia kuliko yote ni hili: nibebe pesa taslimu kiasi gani, au kadi na simu vinatosha? Makala hii ni kwa msikilizaji anayevuka na familia kwenda Unguja kwa siku tatu au nne, kwa pesa aliyoiweka kidogo kidogo mwaka mzima.

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba pesa hupungua kila inapobadilishwa sura. Ukiitoa kwenye simu iwe noti, kuna makato ya wakala na ya serikali. Ukitumia ATM isiyo ya benki yako, kuna makato. Ukilipa kwa kadi, mwenye hoteli anaweza kuongeza chake. Makato haya ukiyatazama moja moja ni madogo, lakini mtu anayetoa elfu ishirini ishirini mara sita kwa siku amelipia huduma ile ile mara sita. Kwa hiyo kaa na daftari kabla ya safari, andika gharama kubwa, na mbele ya kila moja andika utailipaje.

Kabla ya kuvuka

Tiketi ya boti nunua ya kwenda na kurudi, na uinunue kwenye dirisha la kampuni yenyewe. Anayekufuata barabarani bandarini akikuambia nafasi zimekwisha ila yeye anazo, mpite. Chumba, kama mwenye hoteli amethibitika, lipa kiasi mapema ili usitembee na pesa yote.

Hili la kurudi tunalisema kwa uchungu. Mwaka fulani watatu kati yetu tulikwenda Unguja kwa kazi ya tamasha la Sauti za Busara, tukamalizia kwa siku mbili Paje. Asubuhi ya kuondoka umeme ulikuwa umekatika tangu usiku na simu mbili zilikuwa zimezima. Wakala wa kwanza hakuwa na floti, wa pili alikuwa amefunga. Kutoka Paje hadi Mjini ni kilomita zipatazo 50, na nauli ya daladala ilikuwa kwenye simu zisizowaka. Kilichotuokoa ni noti mbili za elfu tano ambazo mwenzetu alikuwa amezisahau ndani ya kitabu. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu husafiri na nauli ya kurudi nyumbani ikiwa noti, kwenye bahasha, mbali na pochi. Bahasha hiyo haifunguliwi hata kama samaki wa kuchoma ananukia namna gani.

Noti

Noti yetu kubwa ni ya shilingi 10,000, na mashine nyingi za ATM hutoa noti 40 kwa mara moja, yaani shilingi 400,000. Ukihitaji zaidi, unarudia na unakatwa tena. ATM nyingi zipo Mjini. Nungwi na Paje zipo chache, na wikiendi ya sikukuu foleni ni ndefu au mashine imekauka. Kwenye vijiji vidogo vya pwani usizitegemee. Toa pesa kabla hujatoka Mjini.

Pia uwe na noti za elfu moja na elfu mbili. Daladala, madafu, urojo, vitafunwa vya Forodhani usiku, vyote ni vya pesa ndogo, na muuzaji aliyeanza biashara saa hiyo hana chenji ya elfu kumi. Hapo ndipo watu husema "basi, kaa nayo", na ikitokea mara tano kwa siku inakuwa mlo mzima.

Kama pesa ya safari imekaa kwenye kibubu, ikague mapema. Noti za shilingi 1,000 hadi 10,000 za matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya karatasi ya shilingi 500, ziliondolewa kwenye mzunguko, na muda wa kuzibadilisha uliisha tarehe 5 Aprili 2025.

Simu

Penye lipa namba, lipa moja kwa moja. Kwa kawaida makato yake ni madogo kuliko kutoa kwa wakala kisha kulipa taslimu. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Matapeli nao huwa na msimu: ukishazungumza na mtu kuhusu chumba au chombo, halafu ukaingia ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", usitume. Mpigie yule yule uliyezungumza naye.

Kadi

Hoteli nyingi hupokea kadi, lakini baadhi huongeza asilimia 3 hadi 5 kwenye bili, hivyo uliza kabla hujala. Nyingine huzuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana siku unapoingia. Pesa haijachukuliwa, ila huwezi kuitumia mpaka iachiliwe, na inaweza kuchukua siku kadhaa. Mwenye akaunti moja tu anaweza kujikuta na salio asiloweza kuligusa. Ndugu anayetoka nje na kadi ya huko, mashine ikimuuliza alipe kwa shilingi au kwa sarafu ya kwao, achague shilingi. Kiwango cha kubadilishia kinachotolewa na mashine mara nyingi kinamuumiza.

Bei za ufukweni

Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Ukitajiwa dola, omba bei ya shilingi, kwa upole tu.

Papasi watakufuata, wengi wanatafuta riziki na baadhi ni wenyeji wazuri sana. Kinachogombanisha watu ni maneno yasiyokamilika. Kwa safari ya chombo kwenda Mnemba, uliza: bei hii ni ya chombo kizima au ya kila mtu? Miwani ya kuzamia imo? Kiingilio cha hifadhi je, na chakula cha mchana? Samaki ni kwa kilo au kwa sahani? Toa malipo ya awali kidogo, nyingine mkirudi nchi kavu.

Ukienda kuogelea, beba pesa ya siku hiyo tu, ndani ya kipochi kisichopitisha maji. Noti zetu ni za karatasi, na ikilowa chumvi ianike kivulini. Namba ya huduma kwa wateja ya benki yako na ya mtandao wako iandike kwenye karatasi, kwa sababu siku utakayoihitaji ili kufunga kadi au laini, huenda simu yenyewe ndiyo iliyopotea.