Kupanda kwa Bei ya Mayai Uwanda wa Ufipa: Chanzo Chake na Namna Kaya Zinavyojikimu

Sumbawanga

Kila bei ya trei ya mayai inapopanda mjini Sumbawanga, swali linaloulizwa magengeni huwa ni lilelile: inawezekanaje yai liwe ghali katika mkoa unaolima mahindi mengi kiasi hiki? Swali hilo ni la haki. Rukwa ni miongoni mwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inayotegemewa kwa chakula nchini, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) hununua mahindi yake kwa ajili ya akiba ya Taifa. Jibu limo katika chakula cha kuku, katika safari ya kifaranga na katika baridi ya uwanda wenyewe.

Kuku mmoja wa mayai hula takribani gramu 120 za chakula kwa siku. Mfugaji mwenye kuku 100 hutumia kilo 12 kila siku, hivyo mfuko wa kilo 50 humalizika baada ya siku nne na kidogo. Iwapo kuku hao wanataga vizuri, yaani mayai 80 kwa siku, kila yai limegharimu gramu 150 za chakula, na trei moja ya mayai 30 imegharimu kilo nne na nusu. Maana yake ni kwamba chakula kikipanda kwa shilingi 100 tu kwa kilo, gharama ya trei huongezeka kwa shilingi 450, kabla ya kuhesabu mkaa, dawa na usafiri. Kwa kawaida chakula pekee huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji wa kuku wa mayai.

Mahindi na pumba hupatikana Ufipa, lakini si kwa bei moja mwaka mzima. Baada ya mavuno ya Mei hadi Julai mahindi huwa nafuu. Kuanzia Januari hadi Machi maghala ya kaya yanapokaribia kwisha, kuku na binadamu hugombea debe lilelile. Mfugaji mdogo asiye na mtaji wa kununua na kuhifadhi wakati wa mavuno hulazimika kununua katika kipindi kibaya kuliko vyote. Aidha, mahindi peke yake hayamfanyi kuku atage. Anahitaji mashudu ya alizeti, soya au dagaa kwa ajili ya protini, chokaa kwa ajili ya ganda, pamoja na mchanganyiko wa madini na vitamini ambao husafirishwa kutoka mbali.

Vifaranga navyo vina safari yao. Wafugaji wengi hutegemea vituo vikubwa vya kutotolesha vilivyo katika mikoa mingine, ikiwemo Iringa na Dar es Salaam, na vifaranga hupitia Mbeya na Tunduma kabla ya kupanda Ufipa. Kifaranga huweza kuishi hadi siku tatu kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni mwake, na ndiyo siri inayoiwezesha safari hiyo. Lakini anapofika amechoka, na hukutana na hali ya hewa isiyo na huruma. Uwanda wa Ufipa uko juu sana kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake huambatana na upepo. Katika wiki ya kwanza kifaranga anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na joto hilo hupatikana kwa mkaa, usiku na mchana.

Anayepoteza vifaranga katika msimu huo hawezi kuliziba pengo upesi, kwa kuwa kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na umri wa takribani wiki 18 hadi 20. Hasara ya Julai huonekana sokoni karibu na Krismasi. Ni kosa, kwa hiyo, kudhani kwamba kila upungufu wa mayai umetokana na wachuuzi walioficha mzigo.

Mahitaji pia hubadilika. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana. Hatua kama hiyo ina faida ya baadaye kwa ziwa, lakini dagaa na migebuka inapoadimika mezani, yai huwa kitoweo mbadala cha karibu.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Rukwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 56 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo walikuwa na udumavu. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha kushuka hadi takribani asilimia 50, wakati wastani wa Taifa ulikuwa asilimia 30. Mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akadumaa, kwa sababu shibe si lishe. Yai moja lina takribani gramu sita za protini bora, na huuzwa mojamoja. Nyama haiuzwi hivyo.

Kaya nyingi hukabiliana na bei kwa kununua mayai mawili au matatu badala ya trei, kuyakaanga kwa nyanya na vitunguu vingi ili yatoshe familia, au kurudi kwenye maharage, ambayo Ufipa inayo kwa wingi. Kurudi kwenye maharage si jambo baya kwa mtu mzima. Penye hatari ni pale yai linapoondolewa kwanza kwa mtoto mdogo na kubakizwa kwa baba au mgeni. Katika kaya yenye yai moja, mwenye haki ya kwanza ni mtoto aliyetimiza miezi sita hadi miaka miwili, akifuatiwa na mama mjamzito au anayenyonyesha. Kwa mtoto, yai lichemshwe hadi kiini kigande, kisha lipondwe ndani ya uji au viazi.

Njia nyingine ni kuku wa asili. Tetea mmoja hutaga mayai 10 hadi 15 kwa awamu, na awamu tatu hivi kwa mwaka. Kaya yenye matetea sita ikipata mayai 12 kwa kila awamu itakuwa na mayai 216 kwa mwaka. Ikiyaacha nusu yaatamiwe, hubaki 108, yaani mawili kila wiki. Ni machache, lakini yanamtosha mtoto mmoja kula yai mara mbili kwa wiki bila mzazi kwenda sokoni. Idadi hiyo huongezeka iwapo vifaranga watatenganishwa na mama mapema na kutunzwa kwenye joto, kwa kuwa tetea aliyeachishwa hurudi kutaga haraka zaidi.

Adui mkubwa wa mpango huo ni mdondo, ugonjwa unaoweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache na usio na tiba. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa nchini hutolewa kwa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku wa asili pia wamo katika kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo iliyozinduliwa Juni 2025 wilayani Bariadi, mkoani Simiyu. Wafugaji wanashauriwa kuwasiliana na ofisa mifugo wa kata kuhusu ratiba, na kuwafungia kuku bandani tangu jioni ya kuamkia siku ya chanjo, kwani alfajiri wakishatawanyika hawakamatiki.