Kanumba kabla ya filamu

Wadau, nikitaja jina la Steven Kanumba kwa rika langu, wote wanaanza na filamu. Uncle JJ, This Is It, Devil Kingdom aliyocheza na Ramsey Nouah wa Nigeria. Hata kule kwetu Nkololo tulimjulia hapo hapo, kwenye kibanda umiza, CD inakwaruza na jenereta linanguruma nje. Kwa hiyo kwetu Kanumba alizaliwa akiwa staa tayari.

Lakini kabla ya hayo yote kuna Kaole.

Tukumbuke kwanza kwamba Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, wakati Zanzibar walikuwa na TV yao ya rangi tangu miaka ya 1970. ITV ilipoingia, vikundi vya maigizo vilivyozoea jukwaa vikapata dirisha jipya, na Kaole Sanaa Group kikawa kinara. Huko ndiko Kanumba alikoingia mwaka 2002, kijana wa miaka 18 tu, akaonekana kwenye tamthilia kama Jahazi na Dira pamoja na kina Ray na Johari.

Kazi yenyewe haikuwa lelemama. Mara nyingi msanii hakupewa maneno ya kukariri. Anaelezwa kisa, anaambiwa wewe ni mtoto wa tajiri, mwenzio kakusaliti, haya, kamera hiyo... maneno mnajitungia wenyewe, na wiki ijayo watu wanasubiri kipande kingine. Mimi naona ule uwezo wake wa kulia na kufoka bila kukatika maneno ulipikwa hapo, siyo kwenye filamu. Wasukuma tunalielewa hili. Kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Watazamaji wakihama, umekwisha.

Filamu ya Girlfriend ilipotoka 2003 upepo ukageuka, maana kanda iliuzwa dukani na TV hailipi hivyo. Kufikia 2006 wale watatu wa Kaole walikuwa kwenye filamu ya Johari, na mengine mnayajua.

TV ilimrudia mwaka 2009, safari hii kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa, na huku nyumbani watu wakamcheka Kiingereza chake. Kusema kweli iliniuma nilipokuja kusoma habari hizo. Mtu aliyejitungia maneno ya Kiswahili wiki baada ya wiki, nchi nzima ikimtazama, tunampima kwa lugha ya watu?

Alifariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28 na akazikwa Kinondoni, mwezi mmoja tu baada ya Simiyu kuwa mkoa. Ndiyo maana bado nasema ni wa kwetu: alipozaliwa Shinyanga mwaka 1984, Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa huo huo.

Filamu zake zimejaa YouTube. Za Kaole naambulia vipande vifupi tu, picha imefifia na sauti inakatika. Mdau mwenye kanda za VHS alizorekodi sebuleni enzi hizo, tafadhali usizitupe, na usirekodi harusi juu yake. Nitakuja na mashine ya kuzihamishia kwenye kompyuta, nauli juu yangu.