Globe ya London: Starehe za Ng'ambo ya Mto

Katika somo letu la tafsiri, tamthilia ya Juliasi Kaizari huchukua majuma kadhaa. Tunalinganisha tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963 na ile aliyoirekebisha mwaka 1969, tunachambua mistari, tunabishana juu ya msamiati. Kwa kufanya hivyo tumewazoesha wanafunzi kudhani kwamba Shakespeare aliandika kwa ajili ya darasa. Historia ya jumba lenyewe inasema vingine.

Mwishoni mwa karne ya 16, wakuu wa Jiji la London hawakuyapenda majumba ya tamthilia. Walidai yanakusanya wezi na wavivu, yanawatoa vijana kazini na kueneza tauni. (Kuhusu tauni hawakukosea sana.) Lakini mamlaka yao yalikuwa na mipaka. Ng'ambo ya mto Thames, upande wa kusini, sehemu ya Bankside ilikuwa chini ya Askofu wa Winchester, na huko ndiko starehe zilikokimbilia: vilabu vya pombe, viwanja ambamo dubu aliyefungwa kwenye nguzo alishambuliwa na mbwa, na madanguro ambayo kwa karne nyingi yalikuwa yakimlipa kodi askofu huyo huyo! Mfalme Henry wa Nane aliamuru madanguro yafungwe mwaka 1546, ila biashara haikukoma.

Globe ilijengwa hapo mwaka 1599. Mbao zake zilitoka katika The Theatre, jumba lililojengwa mwaka 1576 kaskazini mwa Jiji. Baada ya mgogoro na mwenye ardhi, wenye jumba walilibomoa mwezi Desemba 1598, na mbao zikavushwa mto. Aliyetoa peni moja alisimama uani, iwe jua au mvua. Maonyesho yalikuwa ya mchana kwa kutegemea mwanga wa jua; usiku ulikuwa wa vilabu.

Septemba mwaka huo huo wa 1599 Mswisi mmoja, Thomas Platter, alivuka mto baada ya chakula, yapata saa nane mchana, akatazama mchezo wa Julius Caesar. Wataalamu wengi wanaamini ilikuwa Globe. Katika maelezo yake, mchezo ulipokwisha, maiti za Kaizari na Bruto zikiwa bado akilini mwa watu, wachezaji walicheza dansi, wawili wakiwa wamevaa nguo za kiume na wawili za kike. Ndugu walimu, ni wangapi kati yetu huwasimulia wanafunzi jambo hili?

Mwaka 1613 mzinga uliofyatuliwa katikati ya onyesho uliunguza paa la nyasi, na jumba lote likateketea. Suruali ya mtu mmoja ilishika moto, ikazimwa kwa pombe. Jumba lilijengwa upya mwaka uliofuata, hadi Bunge lilipopiga marufuku tamthilia mwaka 1642.

Globe ya leo, karibu na mahali pale pale, ilifunguliwa mwaka 1997. Aprili 2012 waigizaji kutoka Kenya waliigiza humo The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Waliokata tiketi za uani walisimama, kama zamani.